Kumzoeza Daktari Mpya kwa Maigizo

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tunayachapa vile yalivyotolewa, ila tumepunguza salamu.)



Nilipoombwa nije kusema juu ya vile madaktari wapya wanavyofundishwa kazi ya magonjwa ya akili, mwenyekiti wa kikundi kimoja aliniambia bila kunificha: "Mwalimu, sisi tuna mambo ya mbuzi wa maziwa na deni la tangi la maji. Mafunzo ya madaktari yatuhusu nini?" Swali lake ni zuri. Mimi nikamwuliza lingine: katika kikundi chenu cha watu 25, ni nyumba ngapi ambazo hazijapata kuwa na mtu aliyeugua akili, tangu enzi za babu hadi leo? Alianza kuhesabu kwa vidole. Hakumaliza mkono mmoja.

Basi nianze na jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kikundi alikuja kwangu asubuhi na mapema. Mwanawe, kijana wa miaka 22, alikuwa halali. Usiku alizunguka boma akijibu watu wasioonekana, na kwa siku tatu alikuwa hajagusa chakula cha mama yake kwa kuogopa kwamba kimetiwa kitu. Tulipanda matatu, mama, kijana na mimi, tukaenda hospitali. Hospitali gani, sitasema, na hakuna haja.

Daktari tuliyempata alimzidi mgonjwa wetu miaka mitatu au minne tu. Alikuwa ameanza kazi katika idara hiyo Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Alisimama mlangoni, na mlinzi akasimama nyuma yake. Akamwuliza mama: "Anavuta bangi? Amewahi kupiga mtu? Katika ukoo wenu wako wengine?" Akaandika. Kijana mwenyewe hakuulizwa hata jina. Tukapewa vidonge na karatasi ya kurudi baada ya wiki mbili. Yote hayo hayakumaliza dakika kumi.

Tukiwa ndani ya matatu kurudi nyumbani, kijana, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, alisema: "Yule daktari ananiogopa." Mama akamwambia anyamaze. Siku ya nne alijaribu kujiua. Jirani aliyekuwa anatafuta ndama wake alimwona kwa bahati, na kijana yuko hai mpaka leo. Anafuga kuku, na dawa anakunywa.

Watu walitaka kumlaumu daktari. Mimi sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimeketi pale pale na diploma yangu, na mimi pia sikumwuliza kijana kama anafikiria kufa. Swali nililijua. Nililijibu katika mtihani. Lakini kulijua swali ni jambo moja, na kulitoa mdomoni mbele ya mtu anayekutazama ni jambo jingine kabisa. Yule daktari nilikutana naye tena baadaye, akaniambia karibu maneno hayo hayo: vitabu alikuwa amevisoma, ila hapakuwa na siku hata moja aliyopewa nafasi ya kulitamka neno lile kwa sauti yake kabla ya kukutana na mtoto wa mtu.

Hapo nikaanza kuulizia. Je, kuna mahali ambapo daktari mpya hupewa nafasi hiyo? Kumbe kuna, na huko Uingereza kazi hii imekwenda mbali. Kwa hivyo nitaeleza vile wao wanavyofanya, halafu turudi hapa kwetu.

JUMATANO YA KWANZA YA AGOSTI

Huko, daktari akimaliza chuo kikuu hufanya kwanza miaka 2 ya kujizoeza, akihamishwa idara kila baada ya miezi 4. Wengi huanza kazi siku moja, Jumatano ya kwanza ya mwezi wa Agosti. Kijana aliyekuwa anashona vidonda Jumanne anaweza kujikuta Jumatano katika wodi ya wagonjwa wa akili. Wengine wamechagua wenyewe kwamba hiyo ndiyo kazi yao ya maisha, na wengine wanapita tu kwa miezi michache. Shida yao ni moja. Usiku ukiingia, daktari bingwa amekwenda nyumbani na anapatikana kwa simu. Anayeitwa wodini kwanza ni huyu mpya.

Na kazi yenyewe si kama ya kidonda. Mguu uliovunjika hauna haja ya kukuamini ndipo uufunge. Mtu anayesikia sauti zikimwambia kwamba wewe daktari umetumwa kumwua, huyo lazima akuamini kidogo kwanza ndipo akwambie lolote. Chombo cha kupimia hapo ni mdomo wako, macho yako, na mahali ulipoweka kiti.

Zamani daktari alijifunza mambo haya kwa wagonjwa wenyewe. Alikosea kwa huyu, akajirekebisha kwa yule. Lakini hata fundi wa magari hamwachii mwanafunzi wake ajifunze breki kwa matatu iliyojaa abiria.

Mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kufuata njia nyingine ni Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu katika Chuo Kikuu cha Southern California, huko Marekani. Mwaka 1963 alimfundisha mwanamke mwenye afya yake kuigiza mgonjwa, ili wanafunzi wampime, naye baadaye aeleze vile kila mmoja alivyomshughulikia. Barrows mwenyewe alisimulia kwamba wazo hili lilitokana na mgonjwa wa kweli. Mgonjwa huyo alikuwa akitumiwa katika mtihani wa madaktari, anapimwa na huyu kisha yule. Mmoja alimshika kwa ukali. Basi mgonjwa akamgeuzia dalili makusudi, ugonjwa wa upande huu akauonyesha upande ule, halafu akaenda kumwambia Barrows. Mnaona? Daktari alidhani anatahiniwa na wakubwa wake, kumbe aliyemtahini ni yule aliyelala kitandani. Wenzake Barrows wengi walimcheka, wakasema analeta mambo ya sinema katika chuo cha udaktari. Leo ni jambo la kawaida.

Kwa upande wa magonjwa ya akili jambo hili lilikawia. Vyombo vingi vya kujizoezea vilikuwa sanamu. Ile ya kujifunzia kumpulizia mtu pumzi ilitengenezwa Norway mwaka 1960, na zilizofuata zina mapigo ya moyo, nyingine hata hutoka jasho. Lakini sanamu haina huzuni, na haiwezi kukuficha kitu. Hapa lazima apatikane mtu.

NDANI YA CHUMBA

Katika hospitali ya Maudsley, kusini mwa London, kuna kitengo cha mafunzo ya kuigiza yanayohusu afya ya akili. Mafunzo kama hayo huchukua siku nzima. Madaktari wapya huja kikundi kidogo, pengine pamoja na wauguzi, kwa sababu wodini watafanya kazi pamoja. Chumba kimoja kimepangwa kama wodi au kama chumba cha wagonjwa wa dharura. Mmoja anaingia, na wenzake wanamtazama kwa kamera kutoka chumba cha pili. Ndani yuko mwigizaji aliyefundishwa habari za mgonjwa mpaka anazijua kama zake.

Daktari anapewa karatasi yenye mistari michache: saa nane za usiku, mwanamume wa miaka 40, ameletwa na polisi waliomkuta peke yake barabarani, sasa anataka kwenda kwake. Anaingia. Mwigizaji anatembea huku na huku, koti hajavua. Wengi huanza kwa kusoma fomu. Jina? Umri? Dawa unazokunywa? Mwigizaji anajua kazi yake: ukimwuliza kama karani, atakujibu kama mtu aliye mbele ya karani. Ukivuta kiti, ukamtajia jina lako, ukakubali kwamba usiku huu umekuwa mrefu kwake, polepole ataketi. Hakuna andiko linalosema ataketi dakika ya ngapi. Inategemea wewe. Baada ya dakika kumi hivi, kumi na tano, mwalimu anasimamisha.

Katika zoezi jingine mgonjwa amelazwa kwa hiari yake, lakini usiku anafunga mzigo wake, na daktari anaogopea uhai wake. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983, inayotumika England na Wales, inampa daktari mwenye zamu uwezo wa kumzuia mgonjwa aliyelazwa kwa muda usiozidi saa 72, ili achunguzwe vizuri. Kujaza fomu ile ni rahisi. Lakini kumwambia mtu usoni, "Usiku huu huwezi kwenda nyumbani," ukamweleza sababu na haki zake bila kumfokea na bila kumdanganya, hilo jamani linataka mazoezi. Wengi hudanganya. "Subiri kidogo tu, tutazungumza kesho." Mgonjwa akigundua, hatamwamini daktari mwingine tena kwa miaka.

Kuna zoezi ambalo mimi nalipenda kwa sababu linagusa vijiji vyetu. Muuguzi anamwambia daktari kwamba mgonjwa fulani leo ni mkaidi, haamki, haongei. Daktari akikubali neno la ukaidi amepotea. Akimgusa atamkuta ana homa, mwili umekakamaa, akili imevurugika. Dawa za akili zenyewe, mara chache, zinaweza kuleta hali hiyo, na inaua. Dawa lazima isimamishwe na mgonjwa akimbizwe hospitali ya kawaida. Tena kuna dawa moja, klozapini, ambayo mtu akiinywa halafu akaumwa na koo pamoja na homa, damu yake lazima ipimwe mara moja, kwa sababu dawa hiyo inaweza kupunguza chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa. Kwa maneno mengine, mtu akiwa mgonjwa wa akili hajaacha kuwa na mwili. Hapa kwetu ni wangapi wamefungwa kamba wakiitwa wenda wazimu, kumbe ni malaria imepanda kichwani?

Na zoezi la simu. Hili linachekesha kidogo. Daktari mpya lazima amwamshe bingwa saa tisa za usiku. Mwalimu anaigiza bingwa, anajibu kwa sauti ya usingizi na hasira: "Hilo nalo umeniamshia?" Wapo wanaoomba msamaha na kukata simu hata kabla ya kueleza shida. Wanafundishwa waseme kwanza wana wasiwasi gani, halafu habari za mgonjwa kwa ufupi, halafu wanataka nini. Kuomba msaada nako ni kazi ya kujifunza. Hata mweka hazina wa kikundi akiogopa kumwambia mwenyekiti kwamba vitabu havilingani, mnajua mwisho wake.

Lakini msidhani maigizo ndiyo mafunzo. Mafunzo hasa yako baadaye, wanapoketi kwa duara. Igizo likichukua dakika kumi na tano, mazungumzo huweza kuchukua mara mbili ya hizo au zaidi. Yanayosemwa hayatoki nje, hakuna maksi, na wa kwanza kusema ni yule aliyekuwa ndani. Anaulizwa kwanza yeye anajisikiaje, kisha wote wanaulizana: nini kilitokea? Kwa nini ulifanya hivyo? Kesho kazini utafanya nini? Mwigizaji naye anasema: "Ulipotazama saa yako, nilifunga mdomo." Hakuna kitabu kinachoweza kumwambia daktari maneno hayo.

Naona wazee wawili pale nyuma wanatabasamu. Ninyi mmeyajua haya zamani. Mafunzo ya DELTA yalipoanza hapa Kenya miaka ya 1970, kwa mawazo ya Paulo Freire wa Brazil, watu waliigiza shida yao kwa dakika chache bila kutoa jibu, halafu wakaulizana: mmeona nini? Kwa nini inatokea? Tufanye nini? Kwa hivyo madaktari wa London hawafanyi jambo geni kwenu. Wao wana kamera, basi.

ZOEZI LA SIKIO

Sasa nataka tujaribu kitu hapa hapa. Watu watatu tafadhali.

(Akina mama wawili na kijana mmoja walijitokeza. Mama wa kwanza alimwuliza wa pili habari za bei ya mbuzi sokoni. Kijana akasimama karibu na sikio la mama wa pili, akanong'ona bila kukoma: "Wanakucheka. Usimjibu. Hufai kitu. Anataka kukuibia." Mama alijibu maswali mawili, la tatu akalikosa, kisha akainua mkono zoezi lisimame. Alisema hakusikia hata bei, na kwamba alianza kumkasirikia mwenzake ambaye hakuwa amefanya lolote.)

Asante mama, na pole. Sema jina lako kwa sauti. Vizuri. Na wewe kijana mpe mkono, umwombe radhi, yale maneno hayakuwa yako. Msione ni mchezo, kila aliyeigiza lazima atolewe ndani ya igizo namna hii.

Zoezi hili limefanywa na wauguzi, polisi na madaktari wapya katika nchi nyingi. Patricia Deegan, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwenyewe aliambiwa ana ugonjwa wa skizofrenia akiwa bado kijana, alitengeneza kanda ya sauti ambayo mtu huisikiliza kwa vifaa vya masikioni huku akijaribu kufanya kazi za kawaida. Lakini niseme ukweli. Waliochunguza mazoezi ya namna hii wameona mambo mawili: huruma huongezeka, na papo hapo wengine hutoka wakitaka kukaa mbali zaidi na mgonjwa, kwa kuwa wamehisi hofu yake tu. Ndiyo maana mimi siwezi kumpa mtu zoezi hili halafu nikamwacha aende nyumbani bila kukaa chini naye kuzungumza.

Tena tuangalie tunaigiza nini. Vijana wetu wakiambiwa waigize mgonjwa wa akili, mara moja wanavaa magunia, wanabeba mikebe, wanacheza dansi. Watu wanacheka. Daktari akizoezwa na kichekesho kama hicho, atamtafuta mtu wa mikebe, na kijana aliyeketi kimya kitako atampita. Njia bora ni wale waliougua, na jamaa zao, wakae na waalimu wakati hadithi inaandikwa, waseme: hapana, haikuwa hivi. Na walipwe kama walimu wengine wanavyolipwa. Hilo nalisisitiza, maana mtu wa kijijini huwa anashukuriwa kwa soda.

SWALI LENYEWE

Nirudi nyumbani sasa. Sisi tuna hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910, na mabingwa tunao, lakini ninyi mnajua mtu wa hapa anamwona nani kwanza. Ni muuguzi wa dispensari, au ofisa wa kliniki, au daktari aliyetoka chuo juzi. Shirika la Afya Duniani liliona hivyo, na mwaka 2010 likatoa mwongozo wa magonjwa ya akili kwa wahudumu wasio mabingwa. Vitabu vya mafunzo vinavyoandamana nao vina maigizo ya kufanya wawili wawili. Hayahitaji umeme. Yanataka viti viwili, mtu wa tatu wa kutazama, na saa moja.

Wengine wenu mnajua kwamba mwaka jana chuo kimoja kilituomba watu wa kuigiza wagonjwa na jamaa zao. Kulikuwa na wanafunzi wa kliniki na madaktari wapya watatu. Tulipeleka watu sita. Yule mama niliyemtaja alikataa kuigiza, akasema atakaa nyuma atazame, na atatuambia tukikosea.

Mzee mmoja wetu, mkulima wa ndizi, aliigiza mtu aliyepoteza mifugo na usingizi. Daktari mpya, binti mpole sana, alifanya vizuri. Aliketi, alisalimu, alisikiliza. Alipofika penyewe akasema: "Lakini huna mawazo mabaya, sivyo?" Mzee akajibu: "Sina." Tulipoketi kwa duara aliulizwa kwa nini alisema hana, na karatasi yake ilisema anayo. Akasema: "Yeye mwenyewe alinijibia. Mimi ni nani nimpinge?"

Tulikaa hapo karibu saa nzima, kwa swali moja. Kwa Kiswahili, na kwa lugha zetu nyingi za nyumbani, tuna njia nyingi za kuuliza huku tukiomba tuambiwe hapana. "Hujambo?" yenyewe ni hivyo, nani atajibu sijambo ila? Neno kujiua tunalikwepa. Tunasema mambo mabaya, mawazo mengi, kujidhuru kidogo. Mgonjwa akisikia daktari analikwepa, anaelewa kwamba hapa neno hilo halipokewi. Watu wengi pia wanadhani ukiuliza utakuwa umemtia mtu wazo. Uchunguzi uliofanywa mara nyingi haukuona hivyo, na wengi walioulizwa husema walipata nafuu kwamba hatimaye kuna mtu ameuliza.

Na pale lugha inapopita mikononi mwa mtu wa tatu, mambo yanazidi. Katika zoezi la mkalimani, daktari aliyezaliwa upande mwingine wa nchi aliuliza: "Je, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?" Mama mmoja wetu, akiigiza shangazi wa mgonjwa, akatafsiri: "Daktari anauliza kama masikio yanakuuma." Tulicheka sana. Lakini hakuwa anafanya mzaha. Alisema baadaye kwamba aliona aibu kumwuliza mtoto wa ndugu yake jambo kama hilo mbele ya watu. Ndivyo jamaa wa kweli wanavyofanya, na daktari anaandika: masikio hayana shida.

Binti yule aliomba arudie. Akaketi, akangoja kidogo, akamwambia mzee: "Watu wakipoteza walichokitegemea na usingizi ukawakimbia, wakati mwingine hufikiria kujiua. Wewe umefikiria?" Mzee akanyamaza. Akanyamaza muda mrefu. Binti alitaka kuongeza neno, mwalimu akamwonyesha kwa mkono atulie. Kisha mzee akasema, "Jana." Akaulizwa alifikiria kufanya nini, nani yuko naye nyumbani, nini kimemfanya afike leo. Akajibu yote.

Yule mama aliondoka akaenda nje kwenye miti. Nilimfuata. Hakuwa analia. Alisema, "Hata mwanangu angejibu." Akarudi ndani, akawaambia wale madaktari wapya wasisimame mlangoni.

Jambo la sheria. Kwa miaka mingi watu wa Kenya walificha habari hizi hata mbele ya daktari, na walikuwa na sababu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na mtu aliweza kufungwa hadi miaka 2. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu, Nairobi, ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Habari hii haijafika kila boma. Nawaomba makatibu waisome katika mikutano yenu, maana jamaa anayeogopa polisi atamdanganya daktari, hata daktari aliyefundishwa vizuri.

Sisemi kwamba maigizo yanatosha. Nimewaona waliofanya vizuri chuoni wakaenda kazini wakakuta foleni ya watu mia na muuguzi mmoja. Mazoezi hayaongezi viti wala saa. Lakini saa ile ile, dakika zile zile kumi tulizopewa sisi siku ile, zilitosha kwa swali hili na jibu lake.

Chuo kimetuandikia tena. Zoezi lingine litakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, na mara hii wanataka watu wanane. Akina mama wako tayari, wanaopungua ni wanaume, hasa wa zaidi ya miaka hamsini, na mtu mmoja aliyewahi kuwa naibu wa chifu ili aigize yule anayemleta mgonjwa. Nauli na malipo ya siku vitatolewa na chuo, nimekwisha kuagana nao. Andikisheni majina kwa katibu wa kikundi kabla ya mwisho wa mwezi huu. Aliyefiwa kwa njia hii nyumbani mwake karibuni, naomba mara hii asiigize. Akitaka aje akae nyuma na yule mama, nafasi ipo.